Saini ya Imani

Wodini kwetu naitwa Sista Pilipili. Jina hilo sikujipa. Nilipewa na wanafunzi wa uuguzi mwaka ule nilipomtoa daktari mmoja nje ya wodi kwa sababu alitaka kufunga kidonda bila kunawa mikono. Nalisema hilo mapema ujue unaongea na nani. Sina subira na uzembe, na ndiyo maana yaliyotokea Jumanne ile yaliniuma mara mbili, kwa kuwa mzembe nilikuwa mimi.

Kuna dawa ambazo nesi mmoja haruhusiwi kuzitoa peke yake, na insulini ni mojawapo. Mmoja anavuta dawa, wa pili anaangalia bomba la sindano, anaangalia faili, ndipo wote wawili wanasaini. Hivyo ndivyo inavyofundishwa. Inavyofanywa ni habari nyingine. Wagonjwa thelathini na wawili, manesi watatu, huyu anatapika, yule anataka bakuli, mwingine kang'oa dripu. Basi mwenzako anapita na faili mkononi, anakwambia, "Nisainie hapa," nawe unasaini bila kuinua macho. Tuliipa jina wenyewe: saini ya imani. Tulikuwa tukiitania. "Unaniamini?" "Nakuamini kuliko mume wangu." Saini, twende kazi.

Huyo mwenzangu tunamwita Mama Pacha, na hao pacha wake nilimzalisha mimi mwenyewe. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa. Jumanne, saa moja kasorobo asubuhi, alinijia nikiwa nimeinama kwa bibi wa kitanda cha nne, namtafutia mshipa. Mishipa ya bibi yule inakimbia kama imeona polisi.

"Dada, nisainie. Kitanda cha tisa, insulini nane."

Nikasaini kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umeushika mkono wa bibi. Ukiiona saini ile leo utadhani kuku kakanyaga karatasi.

Kitanda cha tisa alilala Fundi, mzee aliyeshona nguo kwa cherehani miaka arobaini. Sukari ilikuwa imempa kidonda mguuni kisichotaka kupona. Kila asubuhi, saa moja kamili, binti yake alikuwa akifika na chupa ya uji, na kwa kuwa hakuwahi kuchelewa hata siku moja, sisi tulikuwa tukimchoma mzee sindano robo saa kabla. Asubuhi hiyo saa moja ilifika, binti hakufika.

Saa mbili kasorobo nikapita kitandani. Mzee alikuwa ameloa jasho, mwili wa baridi, macho hayatulii. Nikamwita. Akanishika mkono akaniambia, "Mwambie yule mteja suruali yake kesho." Mama yangu! Nikampima: sukari moja nukta nne. Mtu mwenye afya hashuki chini ya nne. Nikapiga kelele wodi nzima ikasikia, nikamwekea glukosi kwenye mshipa, na ndani ya dakika chache macho yake yakatulia, akaniuliza kwa nini namkodolea hivyo.

Binti yake akaingia wakati huo huo, anahema, chupa ya uji kwapani. Gesi ilikuwa imemwishia uji ukiwa jikoni. Daktari wetu wa wodi, mtu mzuri mwenye usingizi wa miaka miwili, akamweleza kama alivyodhani mwenyewe: baba alichomwa sindano, chakula kikachelewa, sukari ikaanguka.

Yule binti akakaa chini pale pale sakafuni. Kisha akainuka, akanishika mikono yote miwili, akaibusu. "Mungu akuweke, mama. Umeniokolea baba. Mimi nilitaka kumuua."

Nikamwambia aende akanywe maji. Wakati ule sikujua lolote.

Nilijua saa tano. Sukari ya mzee ilikuwa ikipanda kwa dripu, nusu saa baadaye inaanguka tena. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Yuniti nane hazimwangushi mtu mara tatu. Nikamfuata Mama Pacha chumba cha kuoshea vyombo.

"Asubuhi ulivuta kwa bomba lipi?"

"La kawaida, la mililita mbili. Yale madogo ya insulini yameisha tangu juzi."

"Ulivuta mpaka wapi? Nionyeshe."

Akachukua bomba jipya, akaweka kucha ya kidole gumba kwenye mstari wa nane. "Hapa. Nane."

Insulini yetu, mililita moja ina yuniti mia. Nane ni tone tu, hata mstari wa kwanza wa bomba lile hufiki. Pale alipoweka kucha palikuwa themanini. Nilitazama kucha ile mpaka naye akaitazama, na midomo yake ikageuka rangi.

"Nimemuua," akasema.

"Hajafa. Inuka, tuna kazi."

Na kazi tuliifanya. Tulimpima kila nusu saa mpaka jioni, tukabadilisha dripu, tukamlisha kijiko kwa kijiko, na Fundi akapona. Daktari nilipomwambia alisugua macho. "Sista, mgonjwa ni mzima. Faili nimeshaandika. Tushukuru Mungu." Nami, Pilipili nzima, nikashukuru Mungu nikaenda nyumbani.

Jumatano niliwasikia kabla sijawaona. Kaka mkubwa wa yule binti alikuwa amekuja, jitu la mabega mapana, simu mkononi, na sauti yake ilijaa korido yote.

"Kazi moja tu ulipewa! Uji! Hata uji umekushinda? Baba akitoka hapa hakanyagi tena kwako. Namchukua mimi."

Lazima ueleweshwe hapo. Mama yao alipofariki, yule binti ndiye aliyemchukua baba, miaka sita sasa. Anaosha kidonda, anapima chakula, anajua baba akinuna ni njaa au ni mguu. Kwa yule kaka ni ghorofa ya nne, mchana kutwa hakuna mtu, na mzee ana mguu mmoja wa kukanyagia. Angekaa mle kama mzigo uliosahauliwa stoo. Nilingoja binti amjibu kaka yake. Nilimwombea amjibu kwa ukali.

Akainamisha kichwa. "Sawa, kaka. Pengine ni kweli, siwezi."

Aisee, niliumia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi tulikuwa tumemtwisha yule mwanamke mzigo wetu na kumtazama akienda nao.

Halafu likaja la pili. Daktari bingwa wa sukari akapita raundi, akasoma faili. "Yuniti nane zinamwangusha? Mpeni nne." Alisoma sawasawa, ila faili lenyewe ndilo lilikuwa na uongo. Alhamisi asubuhi sukari ya Fundi ikawa kumi na nane, na nilipofungua bandeji kidonda kilikuwa kinanuka. Nikasema basi, imetosha.

Nikamvuta Mama Pacha mpaka chumba chetu cha chai, nikafunga mlango.

"Nakwenda kuwaambia."

"Kuwaambia nini?"

"Unajua nini."

Akaweka kikombe chini. "Dada, mimi nina barua ya onyo tayari. Ya pili ni mlango. Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Na wewe umebakiza miezi minane ustaafu kwa heshima. Kesho saa kumi unawaongoza wanafunzi kiapo cha uuguzi, kama kila mwaka. Unataka kuchafua vyote kwa ajili ya mzee anayekula na kucheka? Kiapo chenyewe kinasema hatutamdhuru mgonjwa kwa kujua. Sisi tulijua? Lilikuwa kosa!"

"Jumanne asubuhi lilikuwa kosa. Leo ni Alhamisi, mwenzangu. Dawa imepunguzwa, kidonda kinaoza, na tunajua kwa nini. Leo tunamdhuru kwa kujua."

Machozi yakamtoka, na mimi nikamhurumia, si kidogo. Huyu ndiye aliyeniuguza nilipofanyiwa upasuaji wa nyongo. Lakini huruma ni kitu kimoja na Fundi ni kitu kingine.

"Jina lako sitalitaja," nikamwambia. "Nitasema saini yangu. Ya kwako ni yako."

"Ukisema yako umesema yangu," akajibu, akatoka, mlango akaubamiza.

Nikapanda kwa matroni, mkuu wa manesi wote. Matroni wetu si mtu mbaya. Ana hospitali ya kuendesha na kila siku inampungukia kitu. Nilimweleza tangu mwanzo, nikaweka mezani karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu. Aliisoma mara mbili, akaigeuza kifudifudi.

"Sista, kwa nini tuchokoze nyuki waliolala? Dozi nitamwambia daktari airudishe kimya kimya. Wewe funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu ni nani hapa, matroni? Mzee mwenye kidonda au binti anayetukanwa koridoni?"

"Usinipandishie sauti."

"Samahani. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Sijaja kuomba ruhusa. Nimekuja ili usilisikie kwa watu."

Akanitazama. "Ukiwaambia, kiapo kesho ataongoza mwingine. Siwezi kukusimamisha mbele ya wanafunzi. Na kamati itakaa Jumatatu."

Hilo lilinichoma, siwezi kukudanganya. Mara kumi na moja nimesimama mbele ya ukumbi ule, mshumaa mkononi, wale wasichana na wavulana wakirudia maneno baada yangu, na kila mara nimelia kama mama wa bibi harusi. Nilikuwa nimeshapiga pasi gauni. Nikamwambia, "Sawa," nikashuka ngazi kabla miguu haijabadili mawazo.

Nilichagua saa ya kuona wagonjwa, wote watatu wawepo. Fundi alikuwa ameketi kitandani, binti anamkata kucha, kaka amesimama dirishani anaongea na simu. Nikavuta pazia.

"Kaka, naomba ukate simu. Nina neno kuhusu baba yenu."

Akakata. Nikasimama wima, mikono nyuma, kama ninavyowafundisha wanafunzi.

"Mzee, Jumanne sukari yako haikuanguka kwa sababu ya uji kuchelewa. Ulipewa insulini mara kumi ya uliyoandikiwa. Ulitakiwa upewe nane, ukapewa themanini. Dawa hiyo inatakiwa iangaliwe na watu wawili. Wa pili nilikuwa mimi. Nilisaini kwamba nimeiona, na sikuiona. Sikuinua hata macho. Kisha nilipojua, nilinyamaza siku mbili, na kwa kunyamaza kwangu dozi yako ilipunguzwa na kidonda kimezidi. Leo dozi inarudi. Nimekuja kukuomba msamaha wewe, na binti yako."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, hata kupigwa. Kaka ndiye aliyelipuka.

"Themanini? Themanini! Na sisi tukakushukuru! Nani alivuta hiyo dawa? Mtaje!"

"Nimekuja kusema kosa langu."

"Nakwambia mtaje! Mtakwenda mahakamani wote!"

"Kwenda nitakwenda. Lakini nimekuja kusema langu."

Pazia likasogea. Mama Pacha alikuwa amesimama pale, kofia mkononi, macho mekundu. Sijui alikuwa nyuma ya lile pazia tangu lini.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyevuta."

Nilitaka kumshika mkono, nikajizuia. Kaka alifungua mdomo, na hapo Fundi akamchukulia binti mkasi wa kucha, akagonga nao chuma cha kitanda. Kwa! Kwa!

"Wewe kaa chini," akamwambia mwanawe. "Siku mbili unamfokea dada yako, umesikia uji umekutukana?"

Jitu lile likakaa, kwenye kistuli cha plastiki.

Fundi akatugeukia sisi. Hakuwa na uso wa msamaha. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. "Nimeshona miaka arobaini," akasema polepole. "Kila fundi huharibu kitambaa cha mtu, hakuna ambaye hajaharibu. Ila kuna mafundi wa aina mbili. Kuna anayemwita mwenye kitambaa akamwambia, nimekosea kukata. Na kuna anayekishona hivyo hivyo, nguo ikibana anamwambia mteja, umenenepa." Akaninyooshea mkasi. "Siku mbili mmekuwa mkimwambia mwanangu kanenepa."

Nikasema, "Ndiyo, baba."

"Na mngeniua."

"Ndiyo, baba."

Binti alikuwa bado ameushika mguu mzima wa baba yake mapajani, kitambaa kimetandikwa chini yake. Aliponiangalia sikuona hasira, wala furaha. Akauliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kuambiwa hapana:

"Kwa hiyo uji wangu haukuwa na kosa?"

"Haukuwa na kosa, mwanangu. Hata ungefika saa moja kamili, angeanguka vile vile."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, paji la uso juu ya goti la baba yake, na mzee akawa anampigapiga mgongoni kwa mkono ule ule ulioshika mkasi. Kaka alitazama sakafu. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Atarudi kwako." Hakuomba radhi, kuna watu koo lao halipitishi neno hilo, lakini alilisema hilo na wote tulisikia.

Ijumaa matroni alinipa barua ya kufika mbele ya kamati Jumatatu. Mama Pacha naye akapewa yake. "Mpaka hapo endeleeni na kazi," akasema, "maana sina manesi wengine." Tukaendelea. Mama Pacha alikuwa akiniambia maneno ya kazi tu: mkasi, pamba, kitanda cha sita. Nikampokea hivyo hivyo. Asubuhi niligombana na mtu wa stoo mpaka mabomba madogo ya insulini yakapatikana, na kama hayangepatikana ningekaa mlangoni pake mpaka leo.

Saa kumi alasiri wanafunzi walianza ukumbini. Madirisha yalikuwa wazi, na kila neno la kiapo lilitufikia tukiwa tunatandika vitanda. Sauti iliyowaongoza ilikuwa ya mwingine, nzuri tu. Niliyarudia maneno kimoyomoyo, mwanzo mpaka mwisho, nikiwa nimeshika shuka.

Saa kumi na mbili kasorobo ilikuwa zamu ya sindano ya jioni. Binti alikuwa ameshafika, chupa yake mezani, tayari. Kwa agizo langu sasa chakula kinafika kwanza, ndipo sindano. Mama Pacha alisukuma kitoroli mpaka kitanda cha tisa, akasimama.

"Leo nani ananichoma?" Fundi akauliza.

"Ukitaka, tutamwita nesi mwingine, mzee," nikamwambia.

"Mwingine wa nini? Mwingine hajaogopa bado. Vuta wewe," akanielekezea kidole. "Na huyu aangalie. Lakini aangalie kwa macho, si kwa mapenzi."

Nikavuta. Pamoja na miaka yangu thelathini na minne ya kazi, nilihesabu vistari mara tatu kama mwanafunzi, sioni haya kulisema. Nikampa Mama Pacha bomba. Akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, akafungua faili, akasoma, akarudi kwenye bomba. Alichukua muda wake wote. Mgonjwa wa kitanda cha tano alikuwa anaita, na kwa mara ya kwanza hatukukimbia.

"Nane," akasema.

"Soma tena."

"Nane, dada." Na hilo *dada* lilikuwa la kwanza tangu jana.

"Binti yangu naye aone," mzee akasema.

Binti akavaa miwani yake, akainama kati yetu, akahesabu vistari kwa ncha ya ukucha bila kuligusa bomba. Akahesabu mpaka mwisho, akaangalia faili, akatuangalia mmoja mmoja.

"Nane," akasema.

Nikamchoma. Mama Pacha akasaini, nami nikasaini chini yake, kwa mkono wa kulia. Kisha binti akafungua chupa akamimina uji.